Mguu wa Bi Taratibu

Keki ya ngazi tatu iliharibika siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye makutano ya barabara karibu na posta. Kabla ya siku hiyo, Bi Taratibu alikuwa amebeba keki kwa gari lake miaka kumi na tisa bila kuharibu hata moja.

Kusema kweli haikuanguka. Iliinama. Ngazi ya juu iliteleza juu ya ile ya kati, ikaegemea kioo cha nyuma kama abiria aliyepitiwa na usingizi, na maua yote meupe ya sukari yakabaki yamebandikwa kwenye kioo. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Alisubiri njia iwe wazi, akakanyaga mafuta avuke, na gari badala ya kwenda likasita, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Lori likatokea kulia, honi imejaa barabara nzima. Bi Taratibu akakanyaga zaidi. Hapo gari likaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba.

Dereva wa lori alisimama, akashuka. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na Bi Taratibu alijiandaa kutukanwa. Lakini yule bwana alichungulia ndani, akaona keki, akavua kofia.

"Pole, mama," alisema. "Umeumia?"

"Mimi mzima. Imeumia keki."

Akamsaidia kuiweka sawa kwa viganja vyake vipana, taratibu, kama anayemlaza mtoto mchanga. Alipopewa ua moja la sukari kwa shukrani, alilifunga kwenye leso akasema atampelekea mkewe. Bi Taratibu hakulisahau jambo hilo. Mtu akikutendea wema siku mbaya, wema wake huwa na uzito mara mbili.

Keki ilitengenezwa upya ngazi ya juu, ikafika kwenye harusi kwa wakati. Ila ilifika kwa teksi, na dereva wa teksi alikata kona kama anayekimbizwa na nyuki, mama wa watu nyuma ameikumbatia keki kwa mikono miwili na macho ameyafumba.

Jina la Bi Taratibu alipewa na vijana wa pikipiki, ambao walidai hata kobe humpigia honi apishe. Hakulichukia. Gari lake lilikuwa la kijivu, na marehemu mumewe alikuwa akiliita Hua. Lilikuwa gari la zamani, ingawa si la zamani zile za kabureta. Hua alitoka katika kizazi cha kwanza cha magari yanayopuliziwa mafuta kwa nozeli, na nozeli zenyewe zinaamriwa na kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita ubongo.

Jioni ya Jumatano hiyo wanawe wote wawili walikuwa jikoni kwake. Mkubwa, wa kiume, alikuwa mtu wa ofisini, mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi mkunjo ukasimama. Mdogo, wa kike, alikuwa ameolewa na fundi magari.

"Mama, gari limeshaenda kwa shemeji mara tatu," alisema mwanawe. "Mara tatu zote amesema zima. Sasa kama gari ni zima…"



"Malizia. Nimekuzaa mwenyewe, usiniogope."

"Basi ni mguu, mama. Miguu inazeeka. Si dhambi."

Binti alikazana kutazama sufuria, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu.

"Jumapili tukija kula," mwanawe aliendelea kwa sauti ya chini, "unipe funguo. Nitakutafutia dereva wa kupeleka keki."

"Dereva atazibeba kama matofali."

"Tutamfundisha."

Bi Taratibu alitaka kukasirika, akashindwa. Mwanawe alikuwa akiosha vyombo huku anasema hayo, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko, na kila sahani aliisuuza mara mbili. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utoto: akiogopa, anaosha vyombo. Alipokufa baba yake aliosha hadi vya majirani.

"Haya," alisema mama yao. "Jumapili."

Asubuhi ya Alhamisi alipobaki peke yake, aliamua kuupima mguu. Alisimama kwa mguu wa kulia, ameshika meza, akahesabu hadi thelathini. Kisha akaachia meza, akahesabu hadi kumi na mbili, ndipo paka akampitia chini akalazimika kushika tena. Akaujaribu kwenye pedeli ya cherehani: ukapanda ukashuka kama kawaida. Akauweka juu ya kigoda, akautazama. Ulikuwa mguu ule ule, na kovu lake la utotoni.

"Ni wewe?" aliuuliza.

Mguu haukujibu. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kuambiwa tu. Alikaa kwenye kigoda akafikiri juu ya jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Mkwewe alipolitengeneza Hua mara ya kwanza, alibadilisha plagi zote. Alifanya kazi hiyo siku yake ya kupumzika, juani, na hakuishia hapo: aliliosha gari, akajaza upepo matairi, akaitia mafuta bawaba ya mlango uliokuwa ukilia tangu zamani. Kesho yake binti akapiga simu. "Mama, mume wangu anauliza, gari linaendeleaje?" Asubuhi hiyo hiyo gari lilikuwa limemsitia mara nne kabla ya kufika sokoni. Lakini unamwambiaje mtu aliyekutilia mafuta bawaba bila kuombwa?

"Limepona kabisa," Bi Taratibu alijibu. "Mwambie Mungu ambariki mikono."

Mara ya pili fundi alibadilisha filta ya mafuta na kuipima pampu. Limepona, nashukuru. Mara ya tatu alifungua njia ya hewa, akaisugua masizi hadi ikang'aa. Limepona, mwanangu asinisumbukie tena. Na kila mara Hua alisita pale pale alipokuwa akisita.

Sasa uongo wake wa upole ulikuwa umemgeukia. Watu wote waliamini gari limepona, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Kama gari limepona, aliyebaki mgonjwa ni nani?

Ijumaa asubuhi alijifunga kilemba, akachukua funguo, akalipeleka Hua gereji kwa njia za ndani zisizo na malori. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika huko. Gereji ilikuwa banda la mabati, ardhi yake nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Ukutani kulikuwa na ubao ambapo kila spana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana ionekane. Mwenye gereji alikuwa chini ya gari, miguu tu nje.

"Hodi," alisema Bi Taratibu.

Pakasikika kichwa kikigonga chuma.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti kutoka chini.

"Marahaba. Pole na kichwa."

Fundi alijikokota nje, akasimama, mikono nyuma, macho chini. Alikuwa mkwe kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka hiyo yote alimheshimu mama wa mkewe kwa namna moja tu aliyoijua, nayo ilikuwa kutomkaribia. Akija kula, atakula barazani. Familia ikisafiri kwa gari moja, yeye atakumbuka shughuli, atafuata kwa pikipiki. Kulichukua Hua, alikuja Bi Taratibu akiwa ndani. Kulirudisha, funguo alimpa mkewe. Kukaa naye kiti cha mbele, bega kwa bega, ilikuwa haijawahi kutokea.

Alifuta kigoda mara tatu, akakitandika gazeti, akamkaribisha.

"Mwanangu," alisema Bi Taratibu alipokaa, "nimekuja kusema neno. Nilikudanganya."

"Mama?"

"Gari halikupona. Halijapona hata siku moja."

Fundi alikaa polepole juu ya tairi.

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu."

"Hata ile ya filta?"

"Hata ile ya filta. Niliona umehangaika sana, nikaona haya kukwambia bado. Unajua wahenga walisema, mficha…" Hapo Bi Taratibu akakumbuka kwamba methali iliyomjia haifai kutamkwa mbele ya mkwe, akakunja kona haraka: "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Fundi alijua vizuri ni ipi iliyokuwa inakuja. Midomo ilimtetemeka. Akainama kama anatafuta kitu sakafuni, na mabega yakawa yanacheka peke yake.

"Mimi pia nina langu, mama," alisema alipojiweza. "Mteja mwingine akija hapa namhoji kama polisi. Linasita saa ngapi, baridi au moto, kwenye mlima au tambarare, unakanyagaje. Wewe sikukuuliza hata neno moja. Niliona vibaya, nimwulize mama mkwe habari za mguu wake?"

"Kwa hiyo ulimtibu mgonjwa bila kumwuliza anaumwa wapi."

"Ndiyo, mama."

"Na mgonjwa naye alisema amepona ili daktari asijisikie vibaya."

"Ndiyo."

"Tungemzika huyo mgonjwa huku tunashukuriana."

Sasa walicheka wote wawili, waziwazi, hadi fundi akafuta macho kwa kitambaa cha oili na kujichora mstari mweusi usoni hadi nyuma ya sikio. Bi Taratibu aliuona, akanyamaza. Ulimpendeza.

"Haya, nihoji," alisema.

Fundi akachukua chaki, akasimama mbele ya Hua, na hapo hapo akageuka mtu mwingine: macho juu, sauti imara.

"Linasita likiwa baridi au limeshapata moto?"

"Vyote. Moto zaidi."

"Likisimama, injini inazimika?"

"Hapana. Likiwa limesimama limetulia kama maji mtungini."

"Linasita ukikanyaga sana, au kidogo?"

"Mwanangu, mimi sijawahi kukanyaga sana."

Chaki ilisimama hewani.

"Hujawahi?"

"Nitakanyagaje sana na keki nyuma? Marehemu alinifundisha na kikombe cha maji. Alikijaza hadi ukingoni, akakishika yeye, mimi naendesha. Masharti yake ni kwamba maji yatakayobaki mwisho wa safari anayanywa abiria. Mwanzoni alikuwa anapata tone moja la kulowesha ulimi. Baadaye akawa anakunywa kikombe kizima kwenda na kizima kurudi, akalalamika nitampasua tumbo."

Fundi alifikiri. Kisha akaingia banda, akatoka na kikombe cha bati kilichojaa maji.

"Nataka niendeshe kama wewe," alisema.

Bi Taratibu alisimama langoni akamtazama. Fundi alitia gia, kikombe mkono mmoja, usukani mkono mwingine, akaenda hatua kumi. Suruali ikalowa. Akarudi, akajaza tena. Shati likalowa. Mara ya tatu alirudi akiwa kama mtu aliyeogeshwa na mtoto wake, na muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akamwuliza kama bomba limepasuka.

"Halijasita hata mara moja," alisema akishuka, maji yanachuruzika. "Mguu wangu mimi ni wa kugonga. Hapo unapokanyaga wewe napapita kama mwizi. Ugonjwa upo hapo katikati, na mimi nauruka."

"Basi ingia, nikuendeshe."

Fundi alikitazama kiti cha mbele kama mtu anayetazama jiko lililowaka.

"Nitakaa nyuma."

"Kaa hata juu ya paa, ila ingia."

Kabla ya kuingia alifungua boneti, akamwita aone. Alimwelezea kwa kuonyesha kwa kidole. Mguu unavuta waya huu. Waya unafungua kijimlango hiki, hewa inaingia kwenye injini. Ubavuni mwa kijimlango pamefungwa kisensa kidogo kama kifuniko cha chupa. Kazi yake ni kuuambia ubongo mlango umefunguka kiasi gani, nao ubongo unaziambia nozeli zipulize mafuta kiasi gani.

"Kisensa ni mpashaji habari," alisema Bi Taratibu.

"Ndiyo. Na nataka kujua kama kuna mahali anapokaa kimya."

Kujua hilo kulihitaji mita ya umeme, ile ya zamani yenye mshale. Ya kisasa yenye tarakimu alikuwa nayo, lakini alisema ile ni mvivu: umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua, haioni, ila mshale hauwezi kuficha. Tatizo lilikuwa kuufikia waya wa kisensa bila kuukata, kwani ulikuwa umejificha ndani ya soketi nyembamba. Alijaribu msumari, ukawa mnene.

Bi Taratibu akachomoa pini mbili za kilemba chake, akampa.

Moja ikaingia nyuma ya soketi kama iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyingine ikabanwa kwenye chuma cha injini. Nyaya mbili ndefu zikapita juu ya boneti, zikaingia dirishani hadi kiti cha nyuma, ambako fundi alikaa wima, amelowa, mita magotini. Mbele, Bi Taratibu aliweka kioo sawa, akashika kilemba kisichokuwa na pini kisimwangukie, akatia gia.

Walipita mtaa wa ukuta mrefu wa shule, ambao hauna magari mengi. Wanawake waliokuwa wakiuza mboga pembeni waliuona msafara huo.

"Bi Taratibu, leo umebeba bosi nyuma?"

"Nimepata kazi," aliwajibu kupitia dirishani. "Mshahara bado hatujapatana."

Nyuma, fundi alikuwa hasikii mzaha.

"Kanyaga kama kawaida yako, mama. Usibadilishe kitu."

"Nakanyaga."

"Unapanda… unapanda… mzuri… unapanda…" Akakatika. Na gari pia likakatika, likasita, Bi Taratibu akauhisi moyo wake ukisita nalo.

"Umeanguka," alisema fundi.

"Nini?"

"Mshale. Umeanguka hadi chini, kisha umerudi. Rudia, mama."

Akarudia. Mshale ulipanda vizuri, ulipofika mahali fulani ukapiga magoti, na pale pale Hua naye akajikwaa. Wakarudia tena hadi mwisho wa ukuta wa shule, wakageuza, wakarudi. Fundi aliweka alama ya chaki kwenye kioo cha mita pale mshale unapoangukia. Mara saba kati ya saba, ulianguka kwenye alama ile ile.

"Simama kidogo, mama," alisema.

Bi Taratibu alilisogeza gari pembeni, akazima. Fundi aliweka mita kando. Kisha akasema, polepole, kwa kisogo cha mama mkwe wake:

"Si mguu."

Bi Taratibu alielewa kwamba mkwewe alikuwa anajua habari za Jumapili. Bila shaka mkewe alimweleza. Na bila shaka naye alikuwa amelibeba jambo hilo siku zote mbili, kwamba neno lake, "gari ni zima," ndilo lililomhukumu.

"Sema tena," alisema Bi Taratibu.

"Si mguu, mama. Kijimlango kikifika hapo, kisensa kinanyamaza. Ubongo unadhani umeachia mafuta, unazifunga nozeli. Ukikanyaga zaidi kinazinduka, gari linaruka. Mimi napiga pedeli mpaka chini, sikai hapo. Wewe unakaa hapo siku zote."

Bi Taratibu alitoa leso akapenga kamasi, akasema ni vumbi. Mtaa ulikuwa umenyeshewa usiku kucha, lakini fundi alikubali kwamba ni vumbi.

Walipofika gereji, fundi alifungua skrubu mbili akakitoa kisensa, na kwa kuwa hakikuwa na faida tena, akakipasua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na utepe mweusi uliopinda kama mwezi mchanga, na kijiulimi cha shaba kinachotembea juu yake. Utepe wote ulikuwa mzima, isipokuwa sehemu moja fupi, karibu na mwanzo, iliyolika ikabaki nyeupe, kama njia ya miguu inayokatisha nyasi.

"Hapa ndipo ulipokuwa ukiishi," alisema fundi, akimwonyesha kwa ncha ya pini.

Bi Taratibu alivaa miwani, akapatazama kwa muda mrefu. Keki ngapi zimepita hapo. Za harusi, za watoto kutimiza mwaka, ile ya mwalimu aliyestaafu, yenye umbo la kitabu.

"Kwa hiyo kosa ni la mguu wangu hata hivyo," alisema.

"Ni la mguu wako, ila si kwa udhaifu. Miaka kumi na tisa mahali pamoja, hata jiwe lingelika."

Nyuma ya banda palikuwa na gari la aina hiyo hiyo, limepondeka mbele, linaliwa vipande. Fundi alichomoa kisensa chake, akakipima kwa mita akikizungusha kwa vidole. Mshale ulipanda laini kama mkate unaoumuka, ukapita alama ya chaki bila kutikisika, hadi karibu na mwisho kabisa, hapo ukacheza cheza.

"Huyu naye alikuwa na mahali pake," alisema. "Aliishi juu kabisa."

"Na aliishia wapi?"

"Ukutani. Mwenyewe alitoka mzima, sasa anatembea kwa miguu."

"Basi huko juu sifiki. Nifungie."

Fundi alikifunga, akakizungusha kidogo kidogo akiangalia mita mpaka kikakaa sawa, akakaza skrubu, na akasema ataagiza kipya hata hivyo. Kisha akazifuta zile pini mbili kwa kitambaa safi, si kile cha oili, akamrudishia kwa mikono miwili.

Siku ya Jumapili walikula nyumbani kwa Bi Taratibu. Sahani zilipoondolewa, aliweka funguo katikati ya meza, kama alivyoahidi. Mwanawe alizitazama, hakuzigusa. Alisimama akaelekea kwenye sinki.

Ndipo fundi alipoingia kutoka barazani. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuingia chumbani humo watu wakiwa mezani, hivyo wote wakageuka. Aliweka kile kisensa kilichopasuliwa kando ya funguo.

"Shemeji, kosa ni langu," alisema. "Nilisema gari ni zima bila kukaa ndani yake na mwenye gari." Akamweleza yote, kijimlango, mpashaji habari, mshale, alama ya chaki. Alipofika kwenye suruali iliyolowa, mkewe alicheka hadi akashika meza.

Mwanawe mkubwa alikishika kisensa kwa vidole vyenye povu la sabuni, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Kadogo hivi?" aliuliza.

"Kadogo hivyo."

"Nami nilikwishamwambia mama yangu miguu inazeeka."

"Inazeeka," alisema Bi Taratibu. "Wangu nimeupima, ulihesabu kumi na mbili na paka. Lakini usiamini maneno. Nina keki ya kupeleka ng'ambo ya posta saa tisa. Twendeni."

Alijaza kikombe cha bati hadi ukingoni, akamkabidhi mwanawe, akamkalisha kiti cha nyuma pamoja na suruali yake ya mkunjo. Binti akaingia kando yake. Fundi alikuwa ameshaanza kupapasa mifuko, akisema jambo fulani kuhusu pikipiki.

"Wewe utakaa mbele," alisema Bi Taratibu. "Keki inataka mtu wa kuishika."

"Mama, mimi…"

"Heshima yako naijua, mwanangu. Ilitosha tangu mwaka wa kwanza. Kaa."

Fundi alikaa, magoti yamebanana, keki imefungwa kwenye boksi mapajani, akiitazama barabara kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Hua aliwaka. Walipita ukuta wa shule, walipita wauza mboga, ambao waliinuka kuangalia. Kwenye makutano ya posta Bi Taratibu alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasubiri hata pikipiki iliyokuwa bado mbali sana. Nyuma, mwanawe alikuwa ameacha kupumua.

Akakanyaga. Gari likaenda. Halikusita, halikuruka, lilivuka tu, kama mtu mzima anayevuka sebule yake. Kijana wa pikipiki aliyekuwa akingoja apite alimpigia honi na kumpungia mkono.

Walipofika, mwanawe aliitazama suruali yake, kisha kikombe. Maji yalikuwa ukingoni.

"Baba alikuwa anayanywa yote haya?"

"Kwenda na kurudi."

Akanywa. Ilimchukua muda, maana kilikuwa kikombe kikubwa, na dada yake alimhesabia mafunda. Alipomaliza alishusha pumzi, akafuta mdomo, akasema, "Mama, habari za dereva tuziache."

Bi Taratibu alichomoa funguo, akazitumbukiza kwenye mkoba wake, akaufunga zipu.

Fundi alikuwa bado kiti cha mbele, hajashuka, ameikumbatia keki. Alikohoa kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza bila kumtuma mkewe, akauliza:

"Mama, gari linaendeleaje?"

Bi Taratibu alifungua mdomo ajibu kama alivyozoea. Akaufunga. Akamtazama mkwewe, mstari mwembamba wa oili bado uko nyuma ya sikio lake, ule ambao sabuni ya Ijumaa haikuufikia.

"Linakwenda vizuri," alisema. "Ila breki ya nyuma, upande wa kushoto, inalia kidogo nikisimama."

Fundi alitabasamu hadi kwenye masikio.

"Kidogo kama nini, mama? Kama mlango au kama panya?"